Ahadi ya Kapteni kwa Watu wa Güímar

Kambini Añazo, Mei 1494

Dada Cathaita,
Salamu nyingi. Mimi mzima. Mama bado anakohoa? Mpake mafuta ya mbuzi kifuani.
Kapteni wa Wahispania amemwapia mfalme wetu kwamba watu wa Güímar wakikaa kwa amani, hakuna atakayewagusa. Mkalimani nilikuwa mimi. Mzuie shemeji, mume wako, asiende kuwapigania watu wa Taoro, wanaokataa kuwatii Wahispania.
Mdogo wako,
Gaitafa

Güímar, Juni 1494

Mdogo wangu,
Anayeniandikia ni padri, kwa hiyo nachunga ulimi. Mama hajambo, anakula unga wake wa shayiri na kuuliza kama hao Wahispania wako wanaoga.
Mume wangu amekwenda. Nilimshika vazi la ngozi, akasema, "Niachie. Unataka nichunge mbuzi huku wenzangu wakifa?"
Nasikia watu wa Taoro waliwaporomoshea mawe Wahispania bondeni. Nawe ulikuwemo. Uko hai?
Dada yako

Gran Canaria, Julai 1494

Dada,
Niko hai, tumekimbilia kisiwa hiki cha jirani. Shemeji ndiye aliyenivuta kutoka chini ya farasi aliyekufa. "Kimbia, mjinga wewe," akaniambia, "dada yako ataniua!"
Tutarudi na meli nyingi zaidi. Ninyi tulieni, ahadi ipo.
Mdogo wako

Valencia, Februari 1497

Mdogo wangu,
Hujambo? Mimi nafua nguo za tajiri wa hariri. Wamenibatiza Catalina.
Tauni ilimchukua mama, kisha mume wangu. Vita vilipokwisha, watu wa kapteni walituita ufukweni kwenye karamu, wakatupakia melini na kutuuza utumwani huku Uhispania. Nilipiga kelele, "Sisi ni watu wa amani!" Wakacheka.
Hapa yupo hakimu anayesikiliza kesi zetu. Anasema hakuna shahidi wa ile ahadi. Wewe uliisikia kwa lugha zote mbili. Najua kapteni amekupa shamba. Njoo useme.
Dada yako

Valencia, Agosti 1497

Dada,
Nimekuja, nimesema. Wakili wa kapteni alinifokea, "Kumbuka shamba lako!" Nikamwambia alichukue. Hakimu ameamuru watu wote wa Güímar waachiwe.
Nimekwenda kwa tajiri wako. Amesema hapo hajapata kuishi Cathaita wala Catalina. Majirani wanasema ulitolewa kwa mlango wa nyuma juzi, ukitembea, umefunikwa shuka usitambulike.
Naiacha barua hii kwa mapadri wa kila parokia waisome baada ya misa. Ukiisikia, popote ulipo, toka nje. Usiombe ruhusa kwa mtu. Mimi niko mlango wa bandarini, natazama kila mwanamke anayepita.
Mdogo wako