Mawe Yasiyo na Kitu

Ikoma, 12 Februari 2024

Baba, shikamoo. Natumaini kifua cha mama kimetulia. Mimi mzima. Hapa kambini kwa watalii simu haishiki mtandao, ndiyo maana barua hii anaileta Revocatus, dereva wa mizigo.

Kuna mgeni, mwalimu mstaafu, hunipa kutoka kitabu chake cha kamusi maneno ya Kiingereza ambayo hata wenzake mezani hawayajui. Wiki hii yote yanaishia na *ock*. *Tussock* ni shungi la nyasi. *Hassock*, mto wa kupigia magoti kanisani. *Mattock* ni sururu, *bullock* ni maksai. *Mullock* ni kifusi cha mgodini, mawe yanayotupwa kwa sababu hayana dhahabu.

Hilo la mwisho msomee kaka Joel. Kila tipa la mgodi likimwaga hapo Kerende anapanda kifusi hicho kuokota mawe ya kuponda, na mvua zinakuja.

Mwanao, Salome

Kerende, 22 Februari

Binti yangu, marahaba. Mama anakohoa kidogo tu, ng'ombe wazima.

Nimemsomea kaka yako. Akasema, "Muulize dada, huyo mzungu amewahi kuponda jiwe la Kerende?" Mama yako akacheka, mimi sikucheka. Kuhusu huo mto wa kanisani, sisi tunapiga magoti kwenye sakafu na Mungu hajalalamika.

Jumapili ya tarehe 3 wazee wanakaa ritongo, baraza la mila, juu ya vijana wanaopanda kifusi. Nitasimama na barua yako. Neno la kitabu lina uzito.

Baba yako, Mogesi

Ikoma, 28 Februari

Baba, shikamoo. Poleni na kazi za shamba.

Tafadhali usiisome mbele ya ritongo. Kitabu kinasema habari za migodi ya dunia nzima, hakijapima mawe ya Kerende. Watakuuliza nani amenituma.

Afadhali Joel aje huku. Wanachimba mtaro wa bomba la maji, na msimamizi, Sylvester, amekubali kumpokea. Aje na sururu yake.

Mwanao, Salome

Kerende, 5 Machi

Binti yangu, sisi wazima.

Barua yako imefika jana. Ritongo lilikuwa juzi.

Nilisoma. Walisikiliza vizuri mpaka Machage aliposimama. "Mogesi, kama hayana kitu, mbona yanalindwa?" Mwingine akasema binti yangu analishwa na wazungu, kwa hiyo anasema ya wazungu. Wakacheka, na wazee hawakukataza chochote.

Tangu asubuhi ya jana hata watu ambao hawajawahi kupanda wanapanda. Wanasema neno lile limetungwa ili tukae nyumbani. Nilitaka kuwazuia, nimewaongeza.

Joel nimempa habari ya mtaro. Anasema atakuja akishajaza kiroba chake.

Baba yako, Mogesi

Ikoma, 18 Machi

Baba, shikamoo. Hamjambo wote?

Joel hajafika. Sylvester bado anamshikia nafasi. Revocatus amepita Kerende akakuta mlango umefungwa. Niandikie hata mstari mmoja.

Salome

Kerende, 11 Aprili

Binti yangu, marahaba. Mama yako hajambo.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika mpaka madaktari wamalize. Joel alipanda baada ya mvua, tarehe 13. Mawe yaliteleza chini yake. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Jumanne tumerudi naye nyumbani, anakula.

Kiroba hakukiachia. Usiku ule mama yako aliyaponda yale mawe, akaosha. Dhahabu ilikuwemo, kama punje ya ulezi. Ilitosha gari la kwenda hospitali. Kwa hiyo kitabu kimekosea, na mimi nilikuwa sahihi kumkataza. Yote mawili ni kweli, sijui niyaweke wapi.

Mwambie Sylvester ampe mwingine nafasi.

Joel analala mchana kutwa akitazama bati. Jana aliniuliza kama yule mwalimu wako bado yupo. Anataka umwandikie maneno, yeye mwenyewe, siyo kupitia kwangu. Mwandikie. Ila yenye mwisho ule wa *ock* usimletee.

Baba yako