Mustari ya Betoni

Kazi tatu, 6/5

Matofali tena, mpaka mugongo inakataa. Vumbi ya Ruashi mu meno. Tulikula bukari na samaki ya bitoyo saa sita. Mangaribi benzangu balienda ku lutuku, ile pombe kali ya mahindi. Miye nilipita ngambo ingine ya barabara. Inanukia mpaka kule.

Papa Ngoie, shefu wetu wa shantie, pale tunajenga, aliniambia mbele ya bote: "Kama unalewa tena ku kazi, unarudia kwenu Lukafu kulima." Bote cheko. Haya iliniua. Lakini ni kweli. Hanina kazi ingine.

Yaya Mado, dada yangu mukubwa, njo nalalanga kwake. Anasema siku ya posho, ile inafuata kazi tano, kuna bantu banakutananga ku kanisa, bale ba kuacha pombe. Nitaenda.

Posho, 9/5

Nilienda. Kule milango iko mingi. Hanikuuliza mutu. Naogopanga kuuliza. Niliingia mu ya kwanza, nikaikala nyuma.

Bantu ba heshima. Nikawaza: hawa balevi banavaa muzuri! Mama moja akasema tusimame. Akaniambia fungua kinywa. Nikafungua.

Ilikuwa korali.

Haya ya kutoka ilinishinda. Niliimba mpaka mwisho. Banasema niko na sauti nzito, nirudie siku ya kazi ine.

Balevi balikuwa mu mulango ya pili. Nilibaona banatoka wakati na miye natoka.

Kazi ine, 14/5

Hanikuenda ku korali. Yaya Mado alicheka mpaka akaikala chini. "Ndugu yangu, ulienda kuacha pombe, unaniletea kantiki!"

Posho, 16/5

Mulango ya pili. Bantu kidogo tu, banaikala ku mabenchi.

Mama Bea njo anaongoza. Anauzishanga mikate ku soko. Anasema alikunywa mpaka bwana yake akamuacha. Anaisema vile mutu anasema bei ya nyanya. Muzee moja alikuwa shofere wa Kasumbalesa, kule ku mupaka: siku tatu mu mulolongo ya makamyo, siku tatu anakunywa. Nilimuangalia viatu. Safi.

Ikafika kwangu. Nilisema jina. Nikaikala.

Mama Bea: "Inatosha, kijana. Leo jina. Maneno itakuja."

Karibu nilie. Hanikulia. Hawa bantu nabapenda.

Kazi mbili, 19/5

Siku ya kazi tano tunamwanga dale, ile betoni ya kufunika nyumba. Inamwangwa siku moja, bila kuacha. Na desturi bote banaijua: mwenye nyumba analeta makasie ya bia, bafundi banakunywa palepale mu kazi. Bila bia, banasema dale itapasuka. Mwenye nyumba huyu ni mucuruzi, mutu wa biashara wa Kasai. Hatapenda aitwe mubahili. Ataleta mingi.

Papa Ngoie alinivuta pembeni. "Bengine banaweza kukunywa mbili na banaacha. Weye hapana. Nitakuangalia."

Naogopa.

Nilifika kwa Mama Bea ku soko. Anasema nisiende, niseme niko mugonjwa. Lakini kama haniende, Papa Ngoie atasema nimelala na lutuku. Nitaenda.

Kazi tano, 22/5

Mabega inawaka. Naandika vile vile.

Mustari ilitoka chini mpaka juu, mutu na mutu. Ndoo ya betoni inapita mikono kwa mikono. Miye katikati, ku ngazi. Hauweze kutoka. Kama unatoka, mustari inakufa.

Bia ikafika. Nilifikiri batashuka bakunywe chini, na miye nijifiche. Hapana! Chupa ilipandia mu mustari ileile. Ndoo, ndoo, chupa. Imefunguliwa, baridi, inatoka jasho. Kila chupa ya bale ba juu inapitia mu mikono yangu.

Ya kwanza niliishika. Nikakawia. Mate ikajaa mu kinywa. Dodo, yule wa juu yangu, akapiga kelele: "Masta, unaibatiza ao unaipitisha?" Cheko. Ndoo ikanigonga goti. Betoni haingojake mutu.

Nikaipitisha.

Pale nikafahamu. Mikono yangu inajua kupokea na kupitisha. Chupa ni ndoo ndogo. Ya pili ilipita. Ingine, ingine.

Kisha bakasema: hii ni yako. Nikaipitisha.

Dodo: "Eh! Uko mugonjwa ao uko pasteri?"

Nikasema na sauti nzito, mustari yote isikie: "Miye hanikunywe tena."

Alafu Dodo: "Basi yako njo yangu! Mungu anipe barafiki kumi kama weye!" Bakacheka. Na miye nikacheka.

Haikuwa rahisi. Ilipita.

Papa Ngoie alikuwa juu, anasawazisha betoni. Alisikia. Akaitisha ndoo ingine.

Posho, 23/5

Asubui nilikuta Papa Ngoie peke yake ku shantie. Bengine banalala bado. Alinituma kumwangia dale maji, jua isiipasule. Akanusa kinywa yangu kama mbwa. Akasema: "Siku ya kazi moja, saa moja. Usikawie." Basi.

Kisha mukutano. Nilisema yote: ngazi, chupa, Dodo. Mama Bea alijipiga ku magoti. Alisema shauri yake ilikuwa ya woga, yangu njo muzuri. Shofere aliniuliza chupa ilikuwa baridi namna gani. Nikamuambia. Akafunga macho kidogo, akacheka.

Natoka, jua inashuka, baridi inaanza. Nilipitia ku shantie, nikapanda na ndoo ya maji. Nikamwanga. Dale ikakunywa yote.

Nikashuka kujaza ingine.