Hewa Iliyovuja Kwenye Lori la Domo

Gereji ya Baba, chumba cha vipuri,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje baada ya zile sindano? Na watoto, homa imewaachia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anashukuru kwa sweta, limemkaa vizuri.

Nimemaliza mitihani ya mwisho, na sasa namsaidia Baba gerejini. Namshikia tochi, naosha vyuma. Kazi naipenda.

Shangazi, nina jambo zito. Yule dereva rafiki wa Baba, tunayemwita Domo, alileta lori wiki tatu zilizopita. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na mlimani halina nguvu. Unajua Baba hupima turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, kwa sikio: mpira wa kupitisha hewa ukivuja, hulia kama mluzi. Domo akakanyaga mafuta, Baba akainama kusikiliza, akasema mipira yote mizima. Akabadilisha chujio la hewa tu.

Mimi niliusikia mluzi. Ulitokea chini, karibu na miguu yangu. Nilipofungua mdomo, nikisitasita kama kawaida yangu, Domo akanitania, "Fundi, huyu bintiyo maneno anayanunua dukani?" Wakacheka wote. Nikaangalia chini, nikanyamaza.

Kesho yake lori liliishiwa nguvu katikati ya mlima, limejaa saruji. Domo akashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Lori likarudi nyuma, likamkanyaga. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti.

Baba alishikilia kwamba mpira ulipasuka njiani, la sivyo angesikia. Juzi polisi wakaliachia lori, likavutwa hadi hapa. Nikaziba mdomo wa turbo, nikaingiza hewa ya kompresa kidogo kidogo, nikapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira, kama alivyonifundisha mwenyewe. Povu likachemka pembeni ya kibano cha chini. Kingo za ufa zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya siku nyingi. Baba akasogeza sikio mpaka povu likamgusa shavu.

"Inalia?" akaniuliza.

"Inalia, Baba."

"Na siku ile?"

"Ililia."

Akakaa juu ya tairi. Hakunigombeza, nami nilitamani anigombeze. Tumeweka mpira mpya na kukaza vibano. Lori linavuta vizuri, lakini hakuna aliyefurahi.

Kesho tunakwenda wodini. Domo bado anawaambia manesi kwamba ni ajali tu, fundi wake hana kosa. Baba atamweleza habari ya masikio yake. Alitaka kunisemea na mimi, nikakataa. Tangu asubuhi nakariri maneno mawili: nilisikia, nikanyamaza.

Nisalimie Bibi, na wanao wote, hasa kitindamimba. Mungu awape afya na usingizi mzuri. Tuombee.

Wako, nikupendaye sana,
Binti wa kaka yako