Ini Lako Bado Ninalo

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia huku ukicheka, ukisema Holo akianza kuamkia kwa adabu ujue amekosea. Ni kweli. Nimekuja kuomba msamaha.

Unakumbuka uliponipigia simu kutoka Geita? Homa ya ini ilikuwa imekumaliza, macho ya njano, na daktari alishasema dawa hazisaidii tena, uende India ukapandikizwe kipande cha ini la ndugu. Ulizunguka weee, ukauliza habari za duka, habari za mvua. Nikakukatiza, "Kaka, sema unachotaka." Kabla hujajibu, nikasema kipande hicho nitatoa mimi. Tulipopimwa Mwanza tukaonekana tunaendana, ukanitania kwamba ukiamka na ini langu utaanza kufoka kama mimi.

Kisha ikaja korona. Ndege zikasimama, mipaka ikafungwa, na tumbo lako likazidi kujaa maji. Nilijifungia nyumbani kwangu Nyasubi kama mwali. Duka la vitenge nikafunga, wageni nikawafukuza mlangoni. Niliogopa kikohozi kuliko kitu chochote, maana nikiugua mimi, basi na wewe. Ndipo mama akaja kutoka Ushetu na dumu la mizizi ya kukinga korona, aliyoichemsha mwenyewe. Kila asubuhi alisimama mbele yangu mpaka nimalize kikombe. Dawa ilikuwa chungu, nusura nitapike.

"Kunywa, ng'wanone, mwanangu we," aliniambia. "Hilo ini ni la kaka yako."

Nikanywa. Ningekataaje?

Safari zilipofunguliwa, India wakataka vipimo vipya. Daktari wa Mwanza akasoma majibu, akaniuliza nimekuwa nikinywa nini, maana ini langu limevimba. Niliona aibu, kaka. Niliona atamdharau mama. Nikajibu tangawizi na limau tu. Wakaanza kutafuta virusi ambavyo havikuwepo, na mimi nikarudi nyumbani kwenye kikombe changu, nikijidanganya kwamba ndicho kitakachoniponya. Wiki tatu nzima! Vipimo vya pili vikawa vibaya zaidi. Hapo ndipo nikasema ukweli. Daktari hakunigombeza. Aliniambia niache ile dawa, tusubiri.

Nilipokuja kukueleza, nilijua utanitukana. Ulikuwa umelala chali, hata kugeuka huwezi. Ukanishika mkono.

"Usimwambie mama. Atatangulia yeye kabla yangu."

Nikakuahidi.

Majibu safi yalitoka siku nne baada ya kukuzika. Daktari alinipigia nikiwa bado na kanga ya msiba kiunoni. Nilikaa chini pale pale nikamchukia mama. Halafu nikajichukia mimi zaidi, kwa sababu mama hakujua, na mimi niliulizwa.

Miaka yote hii nimelitunza neno lako. Mama akikutaja, nageuza mazungumzo. Sasa sikiliza. Mwanao Kabula amekua, anasoma sekondari, anaishi kwangu. Mwezi uliopita tulimpima, akakutwa na virusi vile vile vya ini vilivyokuondoa wewe. Usishtuke, daktari anasema tumewahi, dawa za hospitali zitamshikilia. Lakini jana nimemkuta jikoni na dumu kutoka Ushetu. Bibi yake amemwagiza kikombe kimoja kila asubuhi, eti ndiyo dawa iliyomlinda shangazi na korona.

Nililimwaga lote uani. Mtoto akabaki kunitazama, hanielewi.

Kesho naenda Ushetu. Nitamweleza mama yote, nianze na uongo wangu wa tangawizi kabla sijafika kwenye dumu lake. Naogopa atakavyonitazama, naogopa hata sauti yake. Lakini wewe umeshaondoka, na Kabula yupo. Nisamehe, kaka, ahadi yako naivunja.

Lile ini nililokuahidi ninalo, zima. Silionjeshi pombe wala mizizi. Kabula akilihitaji siku moja, ni lake.

Lala salama.

Mdogo wako,
Holo