Mihogo Niliyoinunua Mimi

Mama Kambale,

Nakuandikia wewe kwa sababu kuna jambo nimelisema leo ambalo nilipaswa kulisema Alhamisi.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, mwanetu Kambale alimleta mkewe Masika na binti yao Neema kutoka Lubero hadi huku tulikokimbilia sisi zamani, vita vilipowafikia wao. Hamkuwahi kukaa jikoni pamoja, wewe na Masika. Anapika vizuri, lakini ni mtu wa mlimani kama tulivyokuwa sisi: kiazi unakimenya, unakichemsha, unakula. Kwake muhogo ni kiazi kirefu tu.

Alhamisi nilikwenda sokoni mwenyewe. Mama mmoja kutoka upande wa Masako alikuwa na mihogo minene, udongo bado mbichi juu yake. Alipoifunga alisema wazi: "Papa, hii iko na buchungu. Mutie kwanza mu mayi, musikule vile." Nikaitikia, ndiyo, ndiyo, italowekwa majini kwanza. Nyumbani niliweka mfuko karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, nikachukua kitabu, mazoea yangu ya ualimu, nikaketi barazani. Sikumwambia Masika neno.

Saa sita Neema akanijia mimi babu yake na kipande cha muhogo uliochemshwa mkononi. "Koko, onja. Iko muchungu kidogo."

Mama, nilikimbia. Mimi na magoti haya. Nilimwaga sufuria yote uani huku Masika akinitazama kama mwendawazimu. Alikuwa amempakulia mtoto kwanza, kama tunavyofanya. Vipande viwili vilikuwa vimeshashuka.

Kabla ya saa nane kichwa kilimuuma, akatapika, miguu ikalegea. Masika alimbeba kwenye pikipiki hadi kituo cha afya. Nami nilibaki nikizunguka uani, nikikuona wewe mwaka ule wa kwanza wa ukimbizi, umeshika ukuta, unatapika muhogo uleule. Nilikuwapo. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Neema amepona. Aliporudi aliomba ndizi, nikalia.

Lakini Kambale alimgeukia mkewe: "Ulitaka kuniulia mutoto?" Na dada yako Katungu, unamjua: "Huyu anajua viazi tu! Bon, mumurudishe kwao, akajifunze." Watu wakacheka. Mimi nikageuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma.

Siku tatu nilinyamaza. Masika aliogopa kuwasha moto. Neema akawa anakula mkate mkavu. Jana Kambale alisema ni kweli, atamrudisha. Kule. Kwenye risasi. Kwa ajili ya muhogo nilioununua mimi.

Leo asubuhi Masika alikuwa anakunja vitenge vyake na kuvitia begini. Nikasimama mlangoni, wote wakiwapo, nikasema: muuzaji aliniambia, mimi ndiye sikufikisha neno. Nikayarudia yote, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Katungu akapiga makofi. "Eeh, shemeji! Mwalimu muzima!" Safari hii hakuna aliyecheka. Kambale alitoka nje. Kisha akarudi, akalitoa lile begi mikononi mwa mkewe, akalipandisha juu ya kabati.

Masika hakunishukuru, wala sikutegemea. Aliuliza tu: "Papa, ni siku ngapi mu mayi?"

Miaka yote hiyo ulipita mbele yangu na beseni la mihogo, nami sikuhesabu hata mara moja. Ilibidi tuende wote wawili kwa jirani, nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi. Akatufundisha: kuimenya, siku tatu au nne ndani ya maji mpaka ilainike, maji yale kuyamwaga, kuianika juani hadi ikauke kabisa, ndipo itwangwe. Na ile unayoitilia shaka, usionjeshe mtoto.

Msamaha siuombi kwako. Ni wa Masika, naye bado hajautoa.

Lala salama, mke wangu. Nakuahidi hili moja: nikikosea tena, nitasema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabeba lawama yangu.

Papa Kambale