Televisheni ya Mama Willis

Baba Kasiva,

Muthokoi uko kwenye sufuria, upashe tu. Lakini kabla ya kula, mrudishie Mama Willis televisheni yake, pamoja na kile kitambaa cha juu.

Karani wa duka la mkopo alikuja asubuhi kukagua nyumba. Hakuniuliza nashona sare ngapi kwa wiki. Aliitazama televisheni, akaandika, akatupa alama themanini kwa mia. Cherehani tuliyoomba italetwa Ijumaa. Ujanja wako wa kuazima umefaulu, sikatai.

Kutoka hapa akaingia mlango wa pili. Kumbe Mama Willis pia aliomba cherehani. Karani akakuta meza tupu, akampa alama thelathini, akamnyima. Amenisimulia mwenyewe, na bado anaamini tuliiazima kwa sababu ya wageni wa kanisa, kama ulivyomwambia. Huyo mama hajawahi kuchelewesha kodi hata mwezi mmoja. Sisi unatujua.

Mimi nimeenda Dandora kupeleka sare.

Ukifika kwake usiseme kitu. Hapana, sentensi hiyo nimeikata. Mwambie yote, televisheni ikiwa bado mikononi mwako.

Mama Kasiva