Niliucheka Msiba Wako, Mtani

Mtani wangu Zainabu,

Kumbe safari hii umekufa kweli.

Nimeandika mstari huo nikaweka kalamu chini. Arobaini yako haijafika na mimi bado nashangaa, nashangaa mpaka chumvi naitia kwenye chai. Walimu wenzangu hapa Kansay wananiambia nilie, nitapata nafuu. Nashindwa. Kila nikitaka kulia nahisi umejificha nyuma ya mlango, unangoja chozi la kwanza ili uingie unicheke, kisha ukanitangaze Karatu nzima.

Ngoja nikusimulie habari za kifo chako, maana mwenyewe hukuwahi kuzisikia.

Bura, dereva wenu, alifika shuleni asubuhi na lile lori la mboga za hoteli. Nilikuwa shambani na watoto wa darasa la tano, tunapalilia mahindi ya shule. Akashuka, akavua kofia, akasema, "Mwalimu Yuditha, mtani wako amekufa. Amefia kule juu hotelini jana jioni. Kichwa tu kilimuuma. Wanazika leo alasiri, na shemeji yako amesema upande gari twende."

Wewe ungefanya nini? Mwezi uliotangulia Bura huyohuyo aliniletea habari kwamba umeliwa na fisi kikabaki kiatu. Kabla ya hapo ulikufa kwa kushiba. Na mimi nimekufa kwako mara ngapi, kwa kiu, kwa wivu, kwa kuangukiwa na ubao wa darasani! Kila mara aliyebeba habari ni yeye, Mwiraqw mpole, amesimama vilevile, kofia mkononi, uso umekunjamana, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha kusimama hivyo. Mwanzoni alikataa, unakumbuka? Alisema kwao kifo hakichezewi. Ukamwambia, "Bura, mimi Mnyamwezi, huyu Mgogo, sisi ni watani. Kwetu mtani akifa anachekwa. Asipochekwa amedharauliwa." Akatikisa kichwa, lakini akabeba.

Basi nilicheka. Niliegemea jembe, mtani, nikacheka mbele ya watoto mpaka na wao wakacheka. Nikamwambia, "Mimi nina kazi, siendi kokote. Mwambie huyo mpagazi asioze kabla sijafunga shule. Na ile sufuria yake kubwa asimwachie mtu, ni yangu." Bura akanitazama sana. "Nikaseme hivyo hivyo, mwalimu?" Nikasema, "Hivyo hivyo." Akavaa kofia, akawasha lori, akaenda.

Lori hilohilo ndilo lililokushusha kutoka Ngorongoro alfajiri ya siku ile. Majani waliyokutandikia yalikuwa bado nyuma. Nilisimama karibu nayo nikicheka.

Tulizoea vibaya, Zainabu, tangu siku ile tulipokutana tena. Tulikuwa tumeachana kwenye laini za manamba, mashamba ya kahawa kule Oldeani, wewe umeozwa, mimi nimepelekwa chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Halafu nikawapeleka watoto wa darasa la saba kuiona kreta, ile miaka mpaka wa Kenya ulipokuwa umefungwa na hoteli za juu zimebaki na upepo tu. Nikabisha hodi mlango wa jiko kuwaombea maji ya kunywa. Sauti ikatoka ndani: "Huyu Mgogo njaa imemfikisha mpaka huku?"

Watoto wangu waliganda. Mwalimu wao anatukanwa! Mimi sikuhitaji kuona uso. Nikajibu, "Na wewe mpagazi, mzigo hujautua tangu Tabora?" Ukatoka mbio, umenenepa, umevaa aproni nyeupe, mwiko mkononi, tukakumbatiana nusura tuangukie ndoo ya maganda. Baadaye uliniambia uliijua hodi yangu, kwamba hakuna mwingine anayebisha kama mtu aliyekuja kudai.

Tukakaa kwenye ngazi za jiko, ukungu umetuzunguka, watoto wanakunywa chai yako ya bure, tukaanza kulinganisha. Wengine wakikutana ukubwani hulinganisha watoto na nyumba. Sisi tulilinganisha kazi. Mimi mwalimu. Wewe mpishi, unaoka keki na kupika supu za Wazungu ambao siku hizo hawakuwepo. Tukatazamana, tukaangua kicheko kimoja. Kule Oldeani wewe ndiye uliyekuwa na kichwa cha darasani. Mama zetu wakichuma kahawa, wewe ulitukalisha chini ya mibuni, ukaandika herufi kwa mkaa juu ya gunia na kutuchapa kwa kijiti tulipokosea. Mimi nilikuwa wa kukoroga uji. Sasa mwenye uji anashika chaki na mwenye chaki anashika mwiko, kama abiria wawili walioshuka kwenye basi kila mmoja na mzigo wa mwenzake.

"Mwizi wewe," ukaniambia. "Ualimu ulikuwa wangu."

Toka hapo ukajifanya mkaguzi. Ukipata likizo ulikuja Kansay, ukasimama nyuma ya darasa langu na kukosoa mwandiko wangu ubaoni, watoto wanakufa kwa kucheka. Nami nikija kwako Karatu nilionja mchuzi na kuuliza kama chumvi imetiwa na Bura. Yalikuwa maisha mazuri sana, mtani. Sikujua kwamba mtu anaweza kupewa rafiki yuleyule mara mbili.

Mara moja tu ulisema kwa sauti nyingine. Tulikuwa uani kwako tunamenya viazi. Ukasema, "Nilitaka kweli, mtani."

"Ulitaka nini?"

"Kufundisha. Baba aliponitoa shule nilidhani ningekufa."

Nikangoja mzaha ufuate. Ulipokawia nikautia mimi: "Ungefundisha nini, kubeba mizigo?" Ukacheka, nami nikafurahi kwamba umecheka. Sasa natafuta kukumbuka ulicheka vipi, kwa mdomo tu au na macho pia, na uso wako siuoni. Naona viazi tu.

Kesho yake baada ya Bura kuondoka, mwalimu wa hesabu alirudi kutoka Karatu alikokwenda kusaka sabuni. Akaja moja kwa moja kwangu. "Pole, dada Yuditha. Nilidhani nitakukuta kule. Mbona hukuzika?"

"Nani?" nikamwuliza.

Akanijibu. Nikamwuliza tena nani. Akavuta kiti akanikalisha.

Nilipanda trekta mpaka njia panda, iliyobaki nikatembea. Ni njiani ndipo yale maneno niliyomtuma Bura yaliponijia, nikasimama katikati ya barabara. Asioze kabla sijafunga shule. Na Bura ni mtu wa kufikisha, hapunguzi hata neno. Kama si aibu ya kurudi ningerudi.

Alikuwa ameyafikisha. Walinisimulia wote kwa zamu. Wewe umo ndani unaoshwa, Bura akasimama mbele ya wazee, kofia mkononi, akatoa salamu zangu neno kwa neno, kuoza kwako na sufuria yangu. Mumeo Idi akainuka, na ulivyokuwa unamjua, hakuinuka kwa heri. Ndipo mama yako, kwenye mkeka wa wanawake, akapasuka kicheko. "Huyo ndiye mtani! Amefanya kazi yake!" Wakacheka, Zainabu. Msiba mzima ukacheka huku unalia.

Nilipofika, Idi alinishika mikono yote miwili. "Tulikuwa tumekabwa, shemeji. Maneno yako yalitufungua." Wakanipa sufuria. Wanawake wakasogea wakanipisha, wanangoja niendelee. Nami nikaendelea. Sijui nilisema nini, najua walicheka mpaka wakafutana machozi kwa kanga. Nilikuwa nimekaa katikati yao nimekufa ganzi, na ndani napiga kelele: sikujua, jamani, mimi sikujua.

Shukrani ile ilinikaa vibaya mwilini. Wiki iliyopita nikaenda Oldeani kwa mama yako nimwambie kweli, hata kama atanifukuza. Nilimkuta anapepeta maharage. Nikamweleza yote nimesimama. Kwamba sikufanya kazi yoyote ya utani. Kwamba sikuamini, basi.

Akaweka ungo chini.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Bura alipotoka kwako alikuja kwangu. Aliponiambia Zainabu amekufa, nilicheka. Nikamwambia, hata mimi nilikufa juzi, mbona hukuja kuzika? Nikapanda lori ninacheka. Nilidhani mmepanga kunichukua mnipikie. Nilichekacheka njia nzima, Bura hasemi kitu, mpaka tulipofika Karatu nikaona vijana wanaingiza jeneza la msikitini mlangoni kwa mwanangu."

Sikuweza kumtazama.

"Halafu akasimama akasema maneno yako. Nikajua papo hapo hata wewe hujaamini. Na nikamwona Idi anavyoinuka. Ningefanya nini? Nikacheka tena."

Alilia hapo, mama yako, mikono imejaa makapi ya maharage. Nilimshika. Kumbe ndani ya kicheko kile kilichonisitiri, yeye peke yake alikuwa anajua, na ndiye aliyemzaa mtani wangu. Bado siamini kwamba mtu anaweza kufanya hivyo.

Wakati wa kuondoka aliniomba jambo moja. Alisema siku hizi akisikia lori linapanda mlima moyo unampasuka, hajui acheke au aanguke. Nisimtumie tena habari yenye mzaha, hata ndogo.

Nimemwahidi, na sasa nakuahidi wewe. Kila gari litakalokwenda Oldeani litabeba neno langu, Yuditha mzima, Yuditha anaumwa, Yuditha anakuja Jumamosi, na litakuwa hivyo hivyo lilivyo. Ulikuwa mtoto wake wa pekee. Nitakuwa nakwenda, nitampikia, nitakaa naye. Nenda, Zainabu, Mungu akupokee. Na siku ya mama yako itakapofika, nimemwambia Bura asimtume mtu: aje mwenyewe, anishike mkono, aniketishe lorini hata nikicheka.

Mwenzako,
Yuditha